Ngazi za Makvala

Yule mwanamke wa Kiholanzi ametundika kibao ukumbini kwetu, chini ya ngazi, chenye fremu ya shaba. Kinaeleza historia ya nyumba. Kinasema ilijengwa mwaka 1908 na tajiri wa tumbaku. Kwamba maua ya darini na ya ukutani yalichorwa na fundi aliyeletwa kutoka Italia. Kwamba reli ya ngazi, ile ya kushikia, ni ya mti wa mwaloni, ya tangu siku ile, haijabadilishwa hata kipande. Mstari unaofuata unasema nyumba ilirudishiwa uzuri wake miaka minne iliyopita. Basi, kimeisha. Kati ya tajiri wa tumbaku na huyu Annelot hakuna mtu aliyeishi humu. Zaidi ya miaka mia, reli ilikuwa ikijifuta vumbi yenyewe.

Mimi Natela niliingia nyumba hii mwaka 1962 nikiwa bibi harusi, na sijatoka. Shule nilisoma miaka saba, lakini kuandika naandika, na kwa kukumbuka, mtaa mzima wa Sololaki hakuna wa kunifundisha. Kwa hiyo yaliyorukwa na kibao nitayaandika mimi. Yaliyorukwa yana jina. Anaitwa Makvala Gogoladze.

Makvala alizaliwa ghorofa ya pili, chumba kinachotazama mtaani, mwezi wa kwanza mwaka 1941, na alifia chumba hicho hicho. Mimi niliishi mlango wa pili, ukuta mmoja kati yetu, na ukuta wenyewe mwembamba, akipiga chafya namwambia "afya!" bila kuinuka. Baba yake, Shakro, alikuwa fundi viatu. Alifariki kwa mapafu Makvala akiwa na miaka kumi na mitano. Hiyo siku mimi sikuwepo, lakini alinisimulia mara nyingi hata naiona.

Wanaume wanane walimbeba Shakro. Walishuka ngazi kubwa taratibu, na walipofika pale ngazi zinapopinda, ghorofa ya kwanza, walimnyanyua juu ya mabega ili jeneza lipite, na upande mmoja wakaegemea ile reli kwa nyonga zao. Kila mlango ulikuwa wazi na kila jirani amesimama na mshumaa. Chini, kwenye mlango wa mtaani, wakagongesha jeneza mlangoni mara tatu. Kwetu maiti haondoki kama mwizi. Nyumba iliyomlea inaagwa, mara tatu, isikie.

Makvala alimwambia mama yake siku ile, "Na mimi nitatokea hapa."

Mama yake akampiga kofi. Huwezi kusema hivyo una miaka kumi na mitano. Lakini alikuwa amekwisha kusema, na Makvala hakuwa mtu wa kusema kitu halafu akakiacha njiani. Mwaka 1979 mama naye akatokea pale. Mwaka 1988 akatokea mumewe, Vazha. Wote mara tatu mlangoni.

Kazi ya Makvala ilikuwa kupiga pasi. Miaka thelathini na moja katika kiwanda cha sare, pasi nzito za mvuke, mkono wake wa kulia ukawa mnene kuliko wa kushoto. Kazi hiyo ilimharibu macho kwa namna moja: alimtazama mtu mkunjo wa suruali kabla ya kumtazama uso. Akikutana na mtu mgeni, jioni ananiambia, "Yule mkunjo wake umepinda, hana mtu nyumbani," au, "Yule kajipigia pasi mwenyewe, nyuma ya mguu kafanya uvivu." Na mara nyingi alipatia.

Ngazi kubwa tulikuwa tukiziosha kwa zamu, kila familia wiki yake. Wengine walipitisha tambara basi. Makvala alizisugua kwa siki na maji ya moto, akapiga magoti ngazi baada ya ngazi, na reli akaipaka mafuta ya mbegu za kitani. Tulimcheka. "Makvala, unamtayarishia nani? Tajiri wa tumbaku anarudi?" Anajibu, "Akirudi nitamkabidhi na bili ya siki."

Sasa nifike kwenye majira ya baridi ya 1993, kwa sababu hapo ndipo kibao kinaposema uongo mkubwa kuliko wote, kwa kukaa kimya.

Hakukuwa na gesi, hakukuwa na umeme. Maji yaliganda kwenye ndoo jikoni. Watu walichoma sakafu za mbao, wakachoma milango ya ndani, wakachoma vitabu vya shule vya watoto waliokwisha kukua. Mtaa huu mzima, ukiingia nyumba yoyote leo, gusa reli za ngazi: ni chuma, au hakuna kitu. Zile za mbao ziligeuka moshi mwaka ule.

Asubuhi moja Valiko wa ghorofa ya kwanza alitoka na msumeno. Hakuwa mtu mbaya, ana watoto wawili wanakohoa. Akamkuta Makvala ameketi kwenye ngazi, amejifunga blanketi, mgongo wake umeegemea reli.

"Makvala, toka hapo."

"Nimekaa kwangu."

"Watoto wanaganda. Ni mbao tu hizo!"

"Mbao unazitaka? Nenda chumbani kwangu, kuna kabati la mti wa jozi. Likate."

Valiko akasimama na msumeno wake. Lile kabati alikuja nalo Vazha siku ya harusi, milango miwili, kioo ndani. "Na nguo zako utatundika wapi?"

"Nguo zangu zote nimezivaa, hunioni nilivyonenepa? Chukua kabati. Ukimaliza kuna viti. Ukimaliza viti kuna mlango wa jikoni."

"Na reli je? Kwa nini? Imekuzaa?"

Makvala akamjibu jibu ambalo nililisikia kwa masikio yangu, maana nilikuwa nimesimama juu yake na mimi nikitamani ile mbao, msinione malaika. Akasema, "Wakati wa kutushusha, Valiko, wabebaji wataegemea nini pale kwenye kona? Hewa?"

Likachomwa kabati. Vikachomwa viti. Ukachomwa mlango wa jikoni, na mpaka anakufa jiko la Makvala lilikuwa na pazia. Reli ikabaki. Ndiyo hiyo, mama Annelot, unayowaonyesha wageni wako na kuwaambia "tangu mwanzo, haijaguswa." Haikuguswa kwa sababu kuna mtu aliikalia.

Miaka ikaenda. Wa ghorofa ya kwanza wakaondoka mmoja mmoja, huyu Ugiriki, yule kwa bintiye Batumi, Valiko akahamia nyumba ya ng'ambo ya mtaa isiyo na ngazi. Kampuni moja ikanunua ghorofa yote, ikabomoa kuta, ikagonga nyundo miaka miwili, tukala vumbi na mkate. Ukumbi ukapakwa rangi, maua ya darini yakarudi, na lazima niseme yalipendeza. Makvala alisimama chini akayatazama akasema, "Kumbe yalikuwa ya buluu. Nilikuwa nadhani ni masizi tu." Halafu dalali, jina lake Gocha, akaiuza ghorofa kwa Annelot Terpstra wa Amsterdamu, aliyeiona kwenye picha akaipenda, akaja na masanduku manne.

Alikuja mwezi wa tano. Na hapa ndipo tulipokosea, na kosa lile nadhani hakuna watu wengine duniani wanaoweza kulikosea ila sisi.

Mtu mpya ameingia nyumba, hajui aanzie wapi, hana hata chumvi. Unafanyaje? Makvala akaandaa meza. Akapika kuku kwa mchuzi wa jozi, mkate wa jibini aina mbili, bilinganya, maharagwe, akafungua divai ya Kakheti aliyoiweka kwa ajili ya harusi ya mjukuu ambaye mpaka leo hajaoa. Mimi nilileta keki. Annelot akaja na dalali wake. Mwanamke mrefu, miaka hamsini hivi, amevaa shati la kitani lenye makunyanzi. Makvala akaninong'oneza, "Halijaiona pasi tangu lishonwe," lakini akampa paja la kuku, la kulia, na kiti kilichoelekea dirishani.

Kusema kweli alijitahidi. Lugha yetu alikuwa amejifunza kwao mwaka mzima na mwalimu, akaongea polepole kama mtu anayevuka barafu, na tukampenda kwa hilo. Makvala akasimama na glasi. Kwetu mtu akisimama na glasi hahesabu maneno. Akasema, "Binti yangu, kuanzia leo mlango huu ni wako, meza hii ni yako, na moyo wangu ni wako." Tukanywa. Annelot akalia kidogo.

Ndipo Gocha akatoa karatasi. Tatu, zimebanwa pini.

"Mabibi, hapa sahihi tu ya majirani. Mambo ya mlango na ukumbi, kufuli mpya, wezi wamezidi. Kawaida."

Makvala akatafuta miwani yake kwa mkono, kisha mkono ukarudi. Niliuona ukirudi. Baadaye aliniambia alichowaza, nami nilikuwa nimewaza hicho hicho: mgeni ameketi mezani kwangu, mkate wangu uko mdomoni mwake, nivae miwani nianze kumkagua kama karani wa forodha? Ningezama kwa aibu. Akatia sahihi. Akanisogezea kalamu. Nikatia na mimi.

Karatasi ile ilisema kwamba ukumbi, mlango wa mtaani na ngazi kubwa ni matumizi ya ghorofa ya kwanza peke yake. Sisi wa juu tungepita ngazi za chuma za uani, zile zinazozunguka kama skrubu, walizokuwa wakipandia wabeba makaa enzi za tajiri.

Wiki mbili baadaye mafundi wakaweka mlango wa kioo juu ya ngazi kubwa, mbele ya vyumba vyetu, wenye kufuli ya namba. Makvala akaugonga kwa fimbo mpaka Annelot akapanda, akasimama upande wa pili wa kioo.

"Bi Annelot! Umejifungia kwa bahati mbaya?"

"Hapana, Bi Makvala. Sasa ndivyo ilivyo. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana lini?"

"Siku ya chakula. Mlitia sahihi, wewe na Bi Natela." Halafu akaongeza, na sauti yake haikuwa ya mzaha, "Na wewe mwenyewe ulisema. Uliinua glasi ukasema, 'mlango huu ni wako.'"

"Nilisema pia, 'moyo wangu ni wako.' Mbona hukuja na kisu uuchukue?"

Annelot akawa mwekundu. "Mimi nilinunua kwa sheria. Nilieleza mapema nataka faragha. Bwana Gocha aliniambia mmekubali kwa furaha."

"Furaha! Gocha suruali yake haina mkunjo mbele wala nyuma, ungeniuliza mimi."

Nilimwambia Makvala twende mahakamani. Alinitazama kana kwamba nimemwambia tukacheze uchi uwanjani.

"Nikamwambie hakimu nini, Natela?"

"Kwamba hukusoma."

"Kwa nini sikusoma? Ataniuliza. Nimjibu nini? Kwamba nilimwonea mgeni haya, na sasa haya zimeisha? Sahihi ni yangu. Niliitia mbele ya mkate wangu. Afadhali nipande chuma."

Akapanda chuma. Ngazi arobaini na moja, zinateleza kwa mvua, na yeye nyonga ya kushoto imekwisha. Mkate kwa mkono mmoja, nguzo kwa mkono mwingine. Na kila akipita dirisha la jiko la Annelot, ambalo lilitazama uani, alisimama kupumua palepale, makusudi, akasema kwa sauti, "Habari za faragha?"

Ilikuwa vita, sitapaka sukari. Annelot aliandika barua akilalamikia paka wetu. Makvala akaanza kuwalisha paka wa mtaa mzima. Annelot alilalamikia harufu ya vitunguu saumu. Tukazidisha. Annelot akaleta wageni wa kwao Jumapili, wakapanda na kushuka ngazi kubwa wakipapasa reli, na sisi tulisimama juu nyuma ya kioo kama samaki, tukawatazama. Mwanamume mmoja akatupungia mkono. Makvala akamwonyesha kiganja chake, lakini si kwa kupunga.

Mwaka wa tatu Makvala akaacha kushuka. Mwaka wa nne hakuinuka kitandani. Hakulalamika maumivu, alikuwa na neno moja tu, na alimwambia kila aliyeingia, daktari, kasisi, mletaji wa gesi: "Mimi natokea mlango wa mbele." Akamwambia mwanawe, Nugzar, anayeendesha teksi Rustavi, mtu mpole mno, sijui alimtoa wapi upole ule. Nugzar akashuka akamwomba Annelot. Na Annelot, siku iliyofuata, akapanda kwetu. Kwa ngazi za chuma, kwa mara ya kwanza, na maua mkononi. Mimi nilikuwa nimeketi miguuni pa kitanda.

"Bi Makvala," akasema, "Nugzar ameniambia unachoogopa."

"Mimi siogopi. Kuna ninachotaka. Usichanganye."

"Unachotaka, basi. Naomba unielewe. Kuta za kwenye kona zilichukua miezi minane kuzirudisha. Ni za miaka mia na zaidi. Jeneza likigusa..."

"Mama yangu hakugusa. Vazha alikuwa mnene kama pipa na hakugusa."

"Nimepata njia nzuri," Annelot akasema, na uso wake ukawaka, maskini, aliamini kabisa anatuletea zawadi. "Kwetu Amsterdamu ngazi ni nyembamba sana. Kila nyumba ina ndoano juu, penye paa. Kila kitu kinapita dirishani, kwa kamba na kapi. Kabati, kitanda. Nitaleta watu wanaojua, watakushusha uani kutoka roshani, kwa heshima kabisa. Hata piano tunashusha hivyo."

"Piano," Makvala akasema.

"Ndiyo. Bila mkwaruzo."

"Na maiti wenu?"

Annelot akahamishia maua mkono wa pili. "Baba yangu alifia hospitali."

"Sikuuliza alifia wapi. Nimeuliza alitokea wapi."

"Mlango wa nyuma, nadhani. Kulikuwa na lifti."

"Pole," Makvala akasema. Katika miaka yote ile nadhani hilo ndilo neno pekee alilomwambia bila mwiba ndani. Kisha akageuza uso ukutani. "Sasa chukua maua yako ushuke. Kwa chuma hizo hizo, uzijue."

Alifariki mwezi wa pili, siku ya Alhamisi saa nne asubuhi, nimemshika ule mkono mnene. Alilala nyumbani siku nne kama inavyopasa, sisi wanawake tumemzunguka, wanaume wamesimama uani kwenye baridi. Siku ya tano, saa nane mchana, ikawa saa ya kumtoa.

Nilipotazama roshani ya uani, naona wanaume wawili wageni wenye glovu, wamefunga kapi kwenye boriti, kamba inaning'inia. Nikamgeukia Nugzar.

"Nini kile?"

"Shangazi Natela, nimeshakubali. Annelot alinipigia simu. Sitaki ugomvi siku ya mama. Tumalize tu."

"Umekubali wewe. Jeneza ni la nani?"

"La mama."

"Basi muulize mama."

Akaanza kulia. Sikumwonea huruma, huruma niliiweka akiba. Nikaenda nikasimama kwenye mlango wa roshani, nikanyoosha mikono nikashika miimo yote miwili. Nina miaka themanini na mitatu na kimo cha mtoto wa darasa la nne, lakini wanaume wanane wa mtaa waliokuja kumbeba walikuwa wamekwisha kunyanyua jeneza mabegani, na walinitazama. Mbele yao alikuwa Valiko, yule wa msumeno, mzee sasa, hawezi kubeba, amekuja kuongoza njia.

"Wapi, Natela?" akaniuliza.

"Unajua wapi."

Wakageuka upande wa pili, kwenye ngazi kubwa, wakasimama mbele ya kioo. Kimefungwa. Na jeneza likishanyanyuliwa kwetu halirudishwi chumbani. Anayelirudisha anaita msiba mwingine. Mbele hakuna njia, nyuma hakuna njia. Wakasimama nalo mabegani.

Annelot akapanda upande wake, simu sikioni, yuko katika lile shati la makunyanzi. Akatikisa kichwa. Akaonyesha kwa kidole, uani, roshani. Akasema kitu kwenye simu, bila shaka kwa Gocha. Hakuna mwanaume aliyegusa kioo. Hatukuwa tumekuja kuvunja mlango wa mtu.

Lakini mwombolezaji kwetu ana ruhusa. Anazungumza na maiti, anampa habari, na hakuna anayemnyamazisha. Nikapita chini ya mabega ya wabebaji, nikaweka kiganja juu ya mbao, nikaanza.

"Wee Makvala! Subiri kidogo, mwenzangu, usikasirike, mlango umefungwa! Unauliza nani kaufunga? Yule uliyempa paja la kuku!"

"Paja lipi?" wanawake wakaitikia nyuma yangu, ndivyo inavyokwenda.

"La kulia! Na kiti cha dirishani! Na divai ya harusi ya mjukuu! Makvala, amekuletea kamba, ushuke kama piano, maana piano ya kwao haikwaruzi! Wee Makvala, kabati lako liko wapi?"

"Liko wapi kabati?"

"Lilichomwa! Muulizeni Valiko, huyu hapa, alikuja na msumeno kukata reli, naye akamwambia kata kabati langu! Kata viti vyangu! Miaka thelathini amekaa bila mlango wa jikoni, ili mgeni aje aisifu reli kwa wageni wenzake! Makvala, hukumwambia? Ulimwonea haya! Na miwani hukuvaa, ulimwonea haya! Haya zako zimekufungia mlango, mwenzangu, na wenye mlango hawana hata za kuazima!"

Valiko akavua kofia. Akamtazama Annelot kupitia kioo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni kweli, bibi. Msumeno ulikuwa wangu."

Lugha yetu Annelot alikuwa amejifunza vizuri, kuliko ilivyomfaa siku ile. Kila neno lilimfikia, nililiona likifika. Simu bado inaongea, akaishusha. Mabega ya wabebaji yalikuwa yanatetemeka, robo saa ilishapita na zaidi. Sijui alifungua kwa aibu, au kwa huruma, au kwa kuchoka kelele zetu. Hakuniambia na sikumuuliza. Alibonyeza namba. Mbili za mwisho alizificha kwa mkono, lakini mtu akianza na moja na tisa huna haja ya kuona zaidi: ni mwaka ule ule wa kibao chake.

"Tafadhali," akasema, "kuta."

Kioo kikafunguka. Walishuka. Kwenye kona wakanyanyua juu, wanaume wanne wakaegemea reli kwa nyonga zao, ikalia kidogo, ikawashika. Ukutani halikuguswa hata ua moja. Baadaye nilikwenda kukagua mwenyewe, na safari hii nilivaa miwani.

Chini mlango wa mtaani ulikuwa na rangi mpya ya kijani, inang'aa kama sahani. Valiko akahesabu. Moja. Mbili. Ya tatu waliigonga kwa nguvu ambayo haikuhitajika. Makvala akatoka.

Kesho yake Annelot alibadilisha namba. Wiki iliyofuata akaleta fundi, akajaza zile alama tatu za jeneza mlangoni kwa dawa ya mbao, akapaka kijani juu. Lakini masika yalipokuja na unyevu, ile dawa ya fundi ikanywea, na sasa mchana, jua likipiga kutoka upande wa kanisa, unaziona zote tatu, kimo cha kiuno. Watu wa mtaa wakipita wanazigusa. Kibao ukumbini hakijaongezwa hata mstari.

Hatusalimiani. Ila juzi alinikuta nimesimama mtaani mbele ya mlango ule, nimetoka sokoni, nazigusa. Akasimama na baiskeli yake.

"Bi Natela," akasema. "Hujambo?"

"Bado," nikamjibu. "Sahihi yangu ipo kwenye karatasi ile ile, unakumbuka? Ya pili, chini ya yake."

"Nakumbuka."

"Basi hapa kulia usipake rangi ya bei. Pana nafasi ya alama tatu nyingine."